Tangi la samaki halisafishwi kwa kumwagwa
Na Salma Mgeni

Katika nyumba nyingi za mijini zenye tangi la samaki sebuleni, siku ya usafi ina utaratibu uleule. Samaki wanatolewa na kutiwa kwenye ndoo, maji yote yanamwagwa, kioo kinasuguliwa kwa sabuni, changarawe zinaoshwa mpaka zing'ae, sponji la chujio linakamuliwa chini ya bomba, kisha maji mapya yanajazwa na samaki wanarudishwa. Siku mbili tatu baadaye maji yanaingia ukungu mweupe, samaki mmoja anaelea tumbo juu, na mwenye nyumba anaazimia kwamba wiki ijayo atasugua zaidi. Ninasema wazi: usafi wa namna hiyo ndio unaoua samaki, na kadiri mtu anavyouongezea bidii ndivyo anavyowamaliza upesi.

Uchafu unaomdhuru samaki hauonekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake saa zote, na chakula kilichozama bila kuliwa huoza na kuongeza amonia nyingine. Ziwani sumu hiyo hupotelea ndani ya maji mengi. Kwenye tangi la lita 60 haina pa kwenda. Haina rangi, kwa hiyo maji yanaweza kumeremeta huku matamvua yakiungua. Mwaka 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich, alionyesha kuwa wapo bakteria wanaoishi kwa kuigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Yeye alikuwa akichunguza udongo, lakini kazi hiyohiyo inafanyika ndani ya tangi lako. Nitriti nayo ni hatari: huingia kwenye damu na kuigeuza kuwa ya kahawia, isiyobeba oksijeni, na samaki akabaki anatweta juu ya maji hali pampu ya hewa inafanya kazi. Nitrati ndiyo nafuu. Samaki huivumilia kwa kiasi, mimea huila, na iliyobaki huondoka unapobadilisha sehemu ya maji.

Sasa bakteria hao wanakaa wapi? Wachache sana wanaelea majini. Makao yao ni sponji la chujio, changarawe na ule utelezi wa kwenye kioo, yaani vitu vyote ambavyo tumezoea kuvisugua. Katika tangi jipya huwachukua takriban wiki nne hadi sita kuenea kiasi cha kutosha. Anayeosha kila kitu kwa sabuni kila wiki hajawahi kuwa na tangi lililokomaa. Ana tangi jipya wiki hadi wiki, na samaki wake wanaishi muda wote katika kipindi cha hatari kuliko vyote. Maji ya bomba yanaongeza madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yamfikie mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na ni vema iwe hivyo, kwa sababu klorini hiyo inatukinga na kipindupindu. Lakini samaki wengi hudhurika kwa kiwango cha chini ya hapo, na bakteria wa kwenye sponji hufa kwa sababu ileile inayofanya vijidudu vya maradhi vife.

Jambo hili linatuhusu zaidi sisi wenye maziwa ambayo samaki wake wa rangi wanafugwa kwenye matangi duniani kote. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na mfugaji makini huyaiga. Ila pH inapopanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Mwenye samaki wa Tanganyika au mbuna wa Ziwa Nyasa hana nafasi ya kukosea ambayo mwenye samaki wa maji laini anaipata.

Wapo watakaosema kwamba kuna mtu wanayemjua, anamwaga maji yote kila wiki na samaki wake wako hai. Sikatai. Samaki mmoja katika maji mengi, kwa mtu anayeyalaza maji ndooni kabla ya kuyatumia, anaweza kustahimili. Lakini kuwa hai miezi minane si kipimo. Samaki dhahabu, ambaye wengi wamemzoea kama kiumbe wa msimu mmoja, huishi miaka 10 hadi 20 akitunzwa vizuri. Mmoja wa Uingereza aliyeitwa Tish alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Mwaka 2005 jiji la Roma lilipiga marufuku kufuga samaki dhahabu kwenye bakuli za duara. Tumeuzoea msiba wa samaki mpaka tukadhani ndivyo alivyoumbwa.

Hoja nzito zaidi ni ile inayodai kwamba maneno haya ni kichaka cha uvivu: mtu ataliacha tangi linuke na kudai anawalinda bakteria. Hapana. Kinachotakiwa ni kazi ya kila wiki, ila kazi tofauti. Ondoa robo ya maji kwa mpira wa kunyonya, ukiupitisha katikati ya changarawe ili uvute kinyesi na mabaki. Suuza sponji ndani ya ndoo ya maji hayohayo uliyoyatoa, kamwe si bombani. Futa mwani kwenye kioo cha mbele, sabuni isikaribie. Jaza maji yenye joto linalolingana, yaliyolala siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi, au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Mahali ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kuyalaza hakutoshi na dawa ni lazima. Zaidi ya yote, punguza chakula, maana sehemu kubwa ya uchafu huingia kwa mkono wa anayelisha.

Gharama je? Kwa tangi la lita 100, robo ni lita 25, si 100, na katika mitaa yenye mgao wa maji tofauti hiyo ni ndoo kadhaa za kufulia. Maji yaliyotolewa yana nitrati, basi yapeleke kwenye mchicha. Umeme ndio tatizo la kweli: ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wa kwenye chujio hukosa oksijeni, na kwenye joto la pwani maji yenyewe hubeba oksijeni kidogo. Pampu ndogo ya betri inasaidia. Asiyeweza kuipata aweke samaki wachache kuliko anaotamani.

Wauzaji wa samaki wa mapambo nao wasijitoe katika lawama hii. Anayemuuzia mteja tangi na samaki siku moja anajua kitakachotokea wiki ya pili, na wakati mwingine mauzo yake yanategemea hicho. Auze tangi kwanza, samaki baadaye. Mteja akiwa na haraka, muuzaji amkatie kipande cha sponji kutoka kwenye chujio lake mwenyewe, kikiwa kichafu vilevile, akipeleke nyumbani kikiwa kimelowa maji ya tangi kilikotoka.