Mchanga wa Magarini

Wiki hii nilivuka Likoni nikaelekea kaskazini, hadi Marafa. Ukiiacha Malindi unaingia bara kilomita 30 na ushei, mahindi yamenyauka pande zote, kisha ghafla ardhi inakatika mbele yako. Wagiriama wanapaita Nyari. Ni korongo lenye kuta na minara ya mchanga ulioshikana: juu wekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu waridi, na chini weupe. Atakayekwenda afike saa kumi jioni. Mchana joto la mle ndani halivumiliki, na rangi zenyewe huiva jua linapoinama.

*

Kijana aliyenitembeza alinisimulia kisa cha pale. Palikuwa na familia tajiri wa ng'ombe. Majirani wanahangaikia maji, wao wanaoga maziwa. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe ule ni maziwa, wekundu ni damu ya mifugo yao. "Mzee, sisi tumekua nacho kisa hiki," akaniambia. Nakipenda, maana kimetungwa na watu wanaoijua thamani ya ndoo moja ya maji, na Magarini, eneo lilimo Marafa, hadi leo ni nchi ya ukame.

Rangi ile hasa ni chuma kilichoingia kutu ndani ya mchanga, na wachongaji ni mvua na upepo. Niliubonyeza ukuta kwa kidole gumba ukamomonyoka, chembe kwa chembe, kama kashata iliyokosa sukari. Kila masika korongo linakula kidogo pembeni. Ndiyo sababu watembezaji wanawakataza wageni kupanda ile minara, na wana haki kabisa.

*

Sisi wa Diani tumezoea jiwe jingine. Miamba ya ufukweni kwetu ni matumbawe yaliyokuwa hai miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Pango la Shimoni limo katika jiwe la aina hiyo, na nyumba nyingi za Ukunda zimejengwa kwa matofali yaliyochongwa kwenye jiwe hilo.

*

Lakini mchanga wa Marafa haukuishia Marafa. Wanajiolojia huuita Mchanga wa Magarini, na mkanda wake unashuka na pwani hadi Kwale. Ndio uliobeba madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni ya Maumba na Nguluku, huko Kwale. Wenyeji wakahamishwa kupisha mgodi, wengine wakapelekwa Bwiti, wakaacha minazi, miembe na makaburi ya wazee. Kampuni ya Base Titanium ikachimba. Shehena ya kwanza ikapakiwa melini Likoni mwaka 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma.

Nikiwa ukingoni pale Nyari sikuweza kuacha kulifikiria hilo. Ndugu zetu Wagiriama wanao mchanga wao bado. Mgeni analipa kiingilio, anatazama, anaondoka, na kesho anakuja mwingine. Wetu wa Kwale umeuzwa mara moja tu. Sisemi mgodi haukuleta kitu: kazi zilikuwepo, watoto wamesomeshwa. Nasema mali ya namna ile, ikishapanda meli, kilichobaki ni hesabu, na hesabu lazima ifanywe hadharani.

*

Shule za Msambweni, huku kwetu Kwale, zinapopanga safari, mabasi huenda Nairobi au Fort Jesus. Walimu, hebu wapelekeni Marafa. Mtoto aliyezaliwa karibu na mgodi auone kwa macho yake mchanga wa kwao ukiwa bado umesimama.

*

Nirudi kwenye ile hesabu. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yalipochimbwa. Kwa mnaosoma haya Maumba, Nguluku na Bwiti: hiyo 10 ni haki yenu kisheria, si hisani ya mtu. Iulizieni kila baraza, na jibu mtakalopewa lidaini kwa maandishi.