Mzee aliyetaka kuhesabu mwenyewe

Kimani Ng'ang'a Maruge alikuwa na sababu mbili za kwenda shule akiwa na miaka 84, na zote zilikuwa sababu za mtu asiyekubali kudanganywa. Alitaka kujisomea Biblia, maana alishuku kwamba wahubiri hawakuwa wakiifuata. Na alitaka kujua hesabu, ili fidia ya wapiganaji wa Mau Mau waliopambana na ukoloni wa Waingereza, yeye akiwa mmoja wao, ikija siku moja asipunjwe.

Serikali ya Mwai Kibaki ilikuwa imefuta karo katika shule za msingi mwaka 2003, na zaidi ya watoto milioni moja wakafurika madarasani. Maruge akaona tangazo hilo linamhusu. Januari 2004 akaandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na kaptula na soksi ndefu kama wanafunzi wengine wa shule hiyo, baadhi yao wajukuu zake.

Yaliyofuata yanajulikana. Kitabu cha rekodi za Guinness kikamtambua kwa umri aliouanzia shule, Septemba 2005 akapanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kuuhutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa New York, na baada ya kifo chake ikatoka filamu juu yake. Tangu hapo Maruge amekuwa bango: elimu haina mwisho, kila mtu anaweza. Bango halisemi uongo, ila limechukua nusu nyepesi ya maisha yake.

Nusu nzito ni miaka yake miwili ya mwisho. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa kwake, mali yake ikaibwa, akaishia kwenye hema katika kambi ya wakimbizi wa ndani mjini Eldoret. Shule ilikuwa umbali wa kilomita nne hivi. Aliendelea kwenda. Katikati ya 2008 akahamia Nairobi, akaishi katika makao ya wazee na kuingia darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Mapema 2009 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, saratani ya tumbo ikimla. Mei akabatizwa na kupewa jina la Stephen. Agosti 14 akafariki. Mtihani wa darasa la nane hakuwahi kuufanya.

Je, alishindwa? Kwa vipimo vya wizara, naam. Lakini kijana husoma ili apate cheti, cheti kimpatie kazi. Mzee aliyebakiza miaka michache hana muda wa mzunguko huo. Huchagua kile tu atakachokitumia. Priscilla Sitienei, mkunga wa Ndalat aliyeitwa Gogo na kila mtu, alifanya vivyo hivyo: aliketi darasani na watoto ambao baadhi yao aliwapokea mwenyewe walipozaliwa, akitaka kusoma Biblia na kuandika ujuzi wake wa ukunga na mitishamba usizikwe naye. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado ni mwanafunzi.

Turudi kwenye ile fidia. Juni 2009, Maruge akiwa mahututi, wazee wa Mau Mau walifungua kesi London. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa: pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa humo ndani. Hii ndiyo hesabu aliyokuwa akijiandalia. Ukigawanya haraka haraka, kila mmoja anapata zaidi ya pauni 3,800. Ukiuliza gharama za kesi ni kiasi gani, fungu la kila mtu linashuka. Asiyejua kugawanya hafiki kwenye swali la pili, na punjo huanzia hapo hapo.

Kenya haikukosa madarasa ya watu wazima; kampeni kubwa ya kufuta ujinga ilizinduliwa na Rais Moi mwaka 1979. Tatizo ni kwamba ngumbaru, yaani madarasa hayo, imekuwa jambo la kutaniana, na mzee anayeuliza herufi huambiwa apumzike, wajukuu wapo. Wapo kweli. Tazama basi siku za malipo ya Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi anazotengewa mwenye miaka 70 na zaidi. Mzee anampa kijana simu na namba ya siri, kijana anasoma ujumbe, anahesabu noti, anamkabidhi. Mara nyingi ni kijana mwaminifu. Maruge asingempa simu. Angevaa miwani, asome mwenyewe, ahesabu mara mbili, na foleni yote ingemsubiri.