Tableti ya Elfu Nane: Boksi Linasema 8GB, Mashine Inasema 2GB

Wasomaji wangu, leo sina habari ya programu mpya. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na hizi tableti za bei rahisi zilizojaa madukani kuanzia Migori mjini, kupitia Rongo, mpaka Homa Bay. Mnazijua. Boksi lina rangi za kuvutia, jina la kampuni hujawahi kulisikia, na namba ni kubwa kubwa: RAM 8GB, hifadhi 512GB, 5G! Bei? Shilingi elfu nane, na ukibembeleza unaongezewa kava. Halafu mtu ananiuliza: "Kaka, mbona Samsung ina 4GB tu na inauzwa zaidi ya mara mbili? Si huu ni wizi?"

Wizi upo, ndugu yangu. Ila haupo pale unapodhani.

Mimi nakula kwa kuandika programu. Mojawapo ni ya kuweka hesabu za vyama vya akiba, na wengi wanaoitumia ni akina mama wauza omena upande wa Homa Bay na wenye biashara ndogo ndogo Migori. Chama kimoja kilichanga pesa kikanunua tableti ya aina hii kwa ajili ya mweka hazina. Baada ya miezi michache mama akanipigia: "Mwanangu, programu yako imekataa kuandika michango ya leo." Tableti ilikuwa inaonyesha nafasi ya zaidi ya 400GB iko wazi! Basi nikaiunganisha na kompyuta kwa waya, nikaacha ukurasa wa Mipangilio, nikauliza kiini cha Linux kilichoko chini ya Android. Majibu haya hapa:

1. RAM: boksi linasema 8GB, kiini kinasema 2GB.
2. Hifadhi: boksi linasema 512GB, kiini kinasema 16GB, na imejaa picha za risiti.
3. Mtandao: boksi linasema 5G. Prosesa ni MediaTek MT6580 ya mwaka 2015, ambayo mwisho wake ni 3G.
4. Android: boksi linasema 13, kumbe ni 8.1, iliyotoka Desemba 2017.

Hapa hakuna bahati mbaya. Kuna mtu alikaa chini akabadilisha programu ya mashine ili ukurasa wa Mipangilio useme uongo sawasawa na boksi. Huyo ni msanidi programu kama mimi, na kazi yake ilikuwa kumdanganya muuza omena.

Sasa tulinganishe kwa haki. Samsung Galaxy Tab A9 ya 2023 ina prosesa ya Helio G99, yenye viini viwili vya Cortex-A76 na sita vya Cortex-A55. MT6580 ina viini vinne vya Cortex-A7, muundo wa tangu 2011. Hilo ni pengo la vizazi kadhaa. Nokia T10 ya 2022 si mashine ya kutisha, toleo lake la chini lina 3GB na 32GB, lakini ikikuambia 3GB ni 3GB. Ndiyo maana "4GB" ya kweli inaishinda "8GB" ya karatasi, asubuhi na jioni.

Na hata kampuni zinazojulikana zisijifanye malaika. Siku hizi unaona "4GB + 4GB". Ile nyingine si RAM, ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa, na hifadhi ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM.

Najua nitajibiwa: "Wewe una mshahara. Maskini afanye nini? Heri nusu shari." Sikubali! Sina neno na tableti ya 2GB. Google wana Android Go kwa ajili ya vifaa vidogo, na kwa toleo la 13 walitaka angalau 2GB za RAM na 16GB za hifadhi. Andika 2GB kwenye boksi, uza kwa bei ya 2GB, nami nitaipunguza programu yangu iingie. Maskini ndiye anayehitaji ukweli zaidi, kwa sababu hana pesa ya kununua mara ya pili. Na chaguo lipo: Oktoba 2023 simu za Neon zinazounganishwa Athi River zilizinduliwa kwa shilingi 7,499 na 8,999, zikiwa na 4G. Kioo kidogo, ndiyo, lakini hesabu za chama hazihitaji sinema.

Kuna kubwa zaidi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu haribifu iliyokutwa kwenye vifaa vya Android vya bei rahisi visivyo na idhini ya Google, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla ya kununuliwa. Sasa fikiria M-Pesa ya chama imo humo.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, fanya haya palepale kaunta:

1. Fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya maelezo, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect.
2. Weka programu ya CPU-Z, soma jina la prosesa, kisha litafute kwenye simu yako.
3. Fungua vitu vitano, urudi kwenye cha kwanza. Kikianza upya, RAM hiyo ni ya hadithi.
4. Muuzaji akikukataza kujaribu, umeshapata jibu. Ondoka.

Sheria tunayo. Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 zote zinakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Hizi tableti haziuzwi gizani, zimepangwa kwenye kioo mchana kweupe. Mamlaka ya Ushindani inahitaji mtu mmoja tu na waya wa USB.

Na nyinyi wenzangu mnaoandika ulinganisho kwa kunakili boksi, acheni. Anayewaamini ni yule mama wa omena. Chomekeni waya kwanza, ndipo muandike.