Dhiki Ikipata Vina



Mama mmoja aishiye Ruiru alinijia Thika baada ya darsa la akina mama, mkononi ameshika daftari la binti yake. Humo mna beti alizozitunga msichana huyo tangu alipofiwa na babake. Akaniuliza: sheikh, huku si kukosa subira?

Nikamkumbusha Kamiti, gereza lisilo mbali na kwake. Humo alifungwa kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, kwa ajili ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Alikaa kifungoni tangu 1969 hadi 1972, muda mrefu akiwa peke yake, na mashairi yake akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1973 ikatoka diwani yake, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Subhanallah!

Lakini dhiki peke yake haitungi shairi. Wangapi wamefungwa wakatoka bila hata ubeti mmoja? Abdilatif aliingia na akiba, kwani alilelewa katika nyumba ya washairi. Ahmad Nassir, mshairi mashuhuri, ni nduguye. Shairi la mizani kumi na sita lenye vina vya kati na vya mwisho hubebeka kichwani hata gizani. Tena mwenye kuhesabu mizani hana budi alipime neno, alikatae, atafute jingine, na katika kutafuta huko uchungu hupata adabu. Katika Mnazi: Vuta N'kuvute, mathalan, ndugu wawili wanagombea mnazi, jela haimo, lakini kila msomaji huona ugomvi wa kwao.

Ama subira, Nabii Yaaqub, alayhi salaam, alilia hata macho yake yakawa meupe, na huzuni yake akaishitaki kwa Mola wake. Tulichokatazwa msibani ni kujipiga mashavu na kupasua nguo. Na mwisho wa Suratu Shu'araa, washairi wanapokwisha kulaumiwa, wanavuliwa walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa.

Mwana Kupona naye, mwaka 1858, alitunga hali ni mgonjwa. Aliyataja maradhi yake, akamwomba Mola, lakini sehemu kubwa ya utendi akaifanya wasia kwa binti yake. Huyu wetu ni binti anayeandika, na mama ndiye anayesoma.

Beti zake nimezisoma. Vina vya kati vyapotea mahali pengi, na mizani ya ubeti wa tatu yazidi. Nimemrudishia mama daftari, nikamsihi asilifiche. Jumamosi ijayo, inshallah, waje wote wawili tuzihesabu mizani pamoja.