Bukavu: Kabla ya kamera mpya, mpiga picha atazame kwanza skrini yake

Jumamosi za kiangazi, kati ya Juni na Agosti, misafara ya arusi hukatiza mji wa Bukavu ikipiga honi, kutoka Kadutu hadi Nguba. Ndani ya msafara hakukosi kijana aliyechomoza nusu ya mwili dirishani mwa gari, kamera mkononi, akimtafuta bibi arusi. Siku chache baadaye kijana huyo huketi mbele ya kompyuta kurekebisha picha mia tatu au mia nne. Kwenye skrini kila kitu kinapendeza. Kisha albamu inachapwa, bibi arusi anaifungua, na uso wake umekuwa mwekundu kama tofali lililochomwa. Kitenge cha mama mkwe, ambacho ukoo mzima unakumbuka kilikuwa cha zambarau, kimegeuka bluu. Hapo malipo yaliyobaki yanaanza kuwa mjadala.

Katika mjadala huo kila mtu ana mshitakiwa wake. Mpiga picha anasema mchapaji ametumia wino mbaya. Mchapaji anasema faili ilifika hivyo. Mteja anawalaumu wote wawili na kuahidi kwamba arusi ya mdogo wake itapigwa na mtu mwengine. Chombo ambacho ni nadra kutajwa ni kile kilichodanganya tangu mwanzo: skrini, au ekra kama inavyoitwa madukani Nyawera.

Kosa hili lina mizizi katika namna kazi yenyewe inavyopimwa. Mpiga picha wa Bukavu huhesabiwa kwa ukubwa wa kamera na urefu wa lenzi yake. Wateja wanaviona vitu hivyo uwanjani, wanavipigia makofi. Skrini hawaioni, inabaki chumbani. Kwa hiyo pesa ya kwanza inaenda kwenye kamera, ya pili kwenye lenzi, ya tatu kwenye taa na droni, na kazi yote inamalizikia kwenye kompyuta ya mkononi ya bei ya chini, iliyonunuliwa zamani kwa ajili ya kuandika mémoire ya chuo. Ni sawa na mshonaji aliyenunua kitambaa cha bei ghali akakipima kwa kamba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Rangi za picha za kawaida, zile za simu, intaneti na sehemu kubwa ya wachapaji, zinafuata kipimo kinachoitwa sRGB, kilichowekwa mwaka 1996 na makampuni ya HP na Microsoft. Skrini nyingi za kompyuta rahisi za mkononi zinaandikwa kwenye maelezo yake «45% NTSC». Maneno hayo yanapita machoni bila kuacha alama, lakini maana yake ni kwamba skrini inaonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB. Zilizobaki ni nyekundu za kweli, kijani cha majani ya migomba, zambarau ya kitenge cha mama mkwe. Mrekebishaji asipoziona anaongeza rangi mpaka zionekane kwake, na mchapaji anapoifungua faili hiyo, bibi arusi anawaka moto.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi jambo hili lina historia ndefu na chungu kidogo. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilitumia kadi za majaribio zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, ili maabara za duniani zisawazishe rangi kwa kulinganisha na ngozi yake. Ngozi nyeusi ilitoka kama kivuli chenye meno na macho. Malalamiko yaliyosikilizwa haraka, kama ilivyokuja kusimuliwa baadaye, hayakuwa ya Waafrika. Yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautiane kwenye matangazo. Filamu ilirekebishwa. Lakini skrini mbaya inaurudisha ulimwengu ule ule kupitia mlango wa nyuma, kwa sababu skrini dhaifu huanza kupotezea maelezo sehemu za giza, na ndiko uso mweusi ulioko pembeni mwa gauni jeupe unakoishi.

Halafu kuna umeme. Bwawa la Ruzizi I liko mlangoni mwa mji, na bado mitaa ya Bukavu inaishi kwa delestaji. Wengi wanazungumzia hasara ya kazi iliyopotea kabla haijahifadhiwa. Hasara nyingine ni ya kimya zaidi. Umeme unapokatika, kompyuta ya mkononi huhamia kwenye betri na mara nyingi hupunguza mwangaza wa skrini yenyewe, bila kumuuliza mtu. Mpiga picha anaendelea na kazi. Anaona uso una giza, anauongezea nuru. Umeme unarudi saa mbili baadaye, mwangaza unapanda, na nusu ya pili ya albamu inarekebishwa kwa kipimo kingine. Ndiyo maana kuna albamu ambamo bibi arusi anaingia kanisani akiwa mweusi na kutoka akiwa majivu. Ukiongeza ile programu ya Windows inayogeuza skrini kuwa ya njano usiku ili kulinda macho, mtu anayefanya kazi baada ya saa kumi na mbili jioni anapambana na njano ambayo haimo ndani ya picha.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ni hii: studio yenye pesa ya kununua kitu kimoja mwaka huu inunue skrini ya nje, isimame peke yake mezani, mwangaza wake usiobadilika kila SNEL inapobadilisha mawazo. Skrini ya inchi 24 hutumia wati 20 hadi 30 hivi, kiasi ambacho betri ya kawaida ya sola au onduleri ndogo inaweza kubeba bila shida. Onduleri si anasa hapa. Vyombo vingi vya leo vinavumilia umeme dhaifu. Kinachoviua ni ule mshindo wa umeme unaporudi kwa nguvu.

Ni skrini gani basi? Hapa madukani kuna maneno mengi. Muuzaji atataja 4K, atataja hertz 144 au 165 za michezo, atataja kioo kilichopinda. Mengi ya hayo ni mazuri kwa mtu mwengine. Mpiga picha atafute herufi tatu, IPS, maana paneli ya aina hiyo haibadilishi rangi sana mtu anapoinua au kuinamisha kichwa. Paneli za TN, ambazo bado zinazagaa kwenye skrini za ofisi, zinafanya kinyume: ukisimama uso una nuru, ukiinama una giza, na hujui ni upi wa kweli. Kisha atafute maneno yanayosema skrini inafunika sRGB kwa asilimia 99 au 100. Au, kama kartoni inatumia kile kipimo cha zamani, 72% NTSC. Inchi 24 zinatosha. Kioo kisichong'aa ni bora kuliko kinachong'aa, hasa katika studio ambazo dirisha linatazama ziwa na jua la alasiri linaingia kama mgeni asiyebisha hodi.

Wapo watakaosema: kwa nini usinunue moja kwa moja skrini kubwa za wataalamu, kama EIZO ColorEdge, zinazofunika Adobe RGB? Kwa anayechapa vitabu vya sanaa au kutayarisha maonyesho, sawa. Bukavu ina watu wa aina hiyo; mwaka 2020 picha za Raissa Karama Rwizibuka, mtoto wa mji huu, zilikuwa ndani ya mradi wa Congo in Conversation ulioonekana duniani. Lakini skrini hizo zinavuka kirahisi dola elfu moja, na katika mji ambao benki zilifunga milango Februari 2025 na pesa ikabaki kuzunguka kwa simu, elfu moja si neno dogo. Tena skrini yenye rangi pana mikononi mwa mtu ambaye hajapanga programu zake ni hatari mpya: picha inaonekana na rangi kali kuliko ilivyo, anaipunguza, na mteja anapokea kwenye simu sura iliyofifia.

Televisheni, ambazo studio kadhaa huzitumia kwa sababu ni kubwa na mteja anafurahi, zifae kumwonyesha mteja tu. Televisheni imetengenezwa ipendeze. Inanoa kingo, inaongeza rangi, wakati mwengine inakata pembe za picha. Kurekebisha picha juu yake ni kama kupima homa kwa mkono uliotoka kwenye maji ya moto.

Dukani, mnunuzi asikubali kuonyeshwa ile video ya maua na samaki ambayo kila skrini inaicheza vizuri. Aende na flashi yake. Ndani aweke picha tatu alizopiga mwenyewe: uso mweusi pembeni mwa nguo nyeupe, kundi la watu wenye ngozi mbalimbali chini ya mwanga mmoja, na kitenge ambacho kipande chake amekibeba mfukoni. Muuzaji atacheka; acheke. Aweke pia ukurasa mweusi mtupu na mweupe mtupu ili aone nukta zilizokufa na pembe zinazovuja mwanga. Asogee kushoto, kulia, ainame. Atazame nyuma ya skrini, asome namba kamili ya modeli, kisha aitafute kwenye simu kabla ya kutoa pesa, maana majina mawili yanayofanana kwa herufi zote isipokuwa ya mwisho yanaweza kuwa paneli mbili tofauti kabisa.

Ushauri huo unahusu zaidi vitu vya okazyo kutoka Ulaya au Dubai. Si lazima kuvikimbia. Skrini za ofisi za Dell UltraSharp au HP za miaka ya karibuni, zenye paneli ya IPS, zinaweza kuwa bora kuliko mpya ya jina lisilojulikana. Zile za zamani sana zenye taa za mirija ndani, za kabla taa za LED hazijaenea, hugeuka njano kwa uzee na hazirudi.

Chumba nacho ni sehemu ya skrini. Ukuta wa waridi au kijani nyuma ya mpiga picha unarusha rangi yake juu ya kioo. Rangi ya kijivu au nyeupe iliyotulia haigharimu zaidi ya ile nyingine. Na mwangaza wa skrini mpya, ambayo hutoka kiwandani ikiwaka nit 250 au 300, ushushwe mpaka kati ya 80 na 120. Hapo ndipo linapoisha lile lalamiko la «picha zimetoka na giza», kwa sababu karatasi haina taa ndani yake.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la simu. Mteja ataziona picha kwenye Tecno au Itel yake, WhatsApp itazibana, shangazi aliye Uvira ataziona zikiwa zimepasuka kioo; kwa nini mtu ajisumbue? Jibu liko kwenye idadi. Simu elfu zinakosea kila moja upande wake: moja inavuta kwenye bluu, nyingine kwenye njano. Picha iliyo sawa katikati inabaki karibu na ukweli kwenye simu nyingi. Picha iliyotoka tayari imeinama upande mmoja itaanguka kabisa kwenye nusu ya simu hizo. Na simu zinaibwa, zinaanguka majini. Familia zilizounguliwa nyumba Kadutu au zilizohama mwaka 2025 zinajua ni picha ngapi zilizobaki, na mara nyingi ni ile moja iliyochapwa, ya mzee aliyekufa, ambayo watoto wa baadaye wataitazama kujua babu yao alikuwa mtu wa rangi gani.

Lipo pia lile linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba wateja wengine wanaomba wenyewe wafanywe weupe. Ni kweli, na mpiga picha atakubaliana nao au atawakatalia kwa dhamiri yake. Lakini kumfanya mtu mweupe kwa makusudi na kumfanya mweupe kwa kutojua ni mambo mawili, na la pili haliwezi hata kujadiliwa na mteja, kwa kuwa aliyelifanya hajaliona.

Kinachobaki ni sonda, kile kifaa kidogo kinachotundikwa juu ya kioo na kupima rangi, kama Spyder ya Datacolor au zile za Calibrite. Bila sonda hata skrini nzuri inahama taratibu, na jicho linahama nayo bila kujua. Bei yake, zaidi ya dola mia moja, inawatisha wengi, na kwa haki, maana inatumika nusu saa tu kwa mwezi. Lakini kitu kinachotumika nusu saa kwa mwezi ndicho hasa kinachofaa kununuliwa kwa likelemba. Studio kumi za Ibanda, Kadutu na Bagira, kila moja ikichanga dola 20, zinapata sonda na pesa ya usafiri inabaki. Inalala siku tatu kwa kila mmoja, na mwezi unaisha kila skrini imepimwa. Aliye wa kwanza kwenye orodha ainunue ifike kabla ya arusi za Juni.