Kiti cha jeep na kiti cha Fuso: mgongo ni uleule

BENI – Leo tuongee juu ya viti vya gari. Vijana wa hapa mjini wanabishana sana kwenye garaji na kwenye vituo vya teksi: gari gani inakalisha mtu vizuri zaidi? Ni jeep za kifahari kama Range Rover, Lexus na Land Cruiser V8, ao ni zile gari za mbio, Porsche na Ferrari, wanazoziona kwenye simu? Wengi wanajibu kwa kuangalia bei na ngozi ya kiti. Mimi naona wanaangalia pasipofaa, na kosa hilo linatugusa hata sisi ambao hatutanunua hata moja ya gari hizo.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa safari ndefu, na zaidi sana kwa barabara mbaya, jeep ya kifahari inashinda gari ya mbio. Si kwamba kiti cha gari ya mbio ni kibaya. Kimetengenezwa kwa kazi nyingine. Shofere wa Porsche 911 anapokata kona kwa kasi, mwili wake unasukumwa pembeni, kwa hiyo kiti kina kingo ngumu zinazomshika mbavuni na mapajani asiteleze. Sponji yake ni nyembamba, ili shofere asikie kwa mwili wake kile ambacho magurudumu yanafanya chini. Anaketi karibu na ardhi, miguu imenyooka mbele. Kwa lami safi, kiti cha namna hiyo kinaweza kumbeba mtu saa nyingi bila kumchokesha, kwani kinashika kiuno vizuri. Lakini chini ya gari kuna nafasi ndogo tu, kama sentimita 12 hivi, na ubavu wa tairi zake ni mfupi. Ukiileta kwa barabara yetu ya udongo, kila jiwe litafika moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, kama gari haijakwama kwanza.

Kwenye jeep, kiti kiko juu. Mtu anaketi kama mezani: magoti yamepinda, nyayo ziko chini, mgongo umenyooka. Anaingia bila kuchuchumaa na anatoka bila kujivuta. Chini ya kiti kuna resori ndefu, zile chuma zinazobeba gari juu ya magurudumu, na zinaacha gurudumu lishuke kwenye shimo na kupanda tena mbele mtikiso haujamfikia abiria. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilisifiwa kwa sababu hiyo: ilikuwa na resori za kuzunguka kwa magurudumu yote manne, wakati jeep nyingi za siku zile zilibebwa na vyuma bapa vilivyopangwa kama majani. Watengenezaji wa gari za mbio nao walielewa kwamba watu wengi wenye feza wanapenda kuketi juu. Porsche ilitoa jeep yake, Cayenne, mwaka 2002. Ferrari, iliyokataa kwa miaka mingi, ilitoa Purosangue yake ndefu ya milango minne mwaka 2022.

Basi faraja ya kiti inatoka kwa mambo matatu: namna mtu anavyoketi, kiti chenyewe, na kile kilicho chini ya kiti, yaani resori, tairi na barabara. Ngozi haimo katika hayo matatu. Hata jeep ya bei kubwa, ukiivalisha magurudumu makubwa ya urembo na tairi za ubavu mfupi, inapoteza sehemu ya faraja yake. Na kwa kuwa iko juu, kwenye mashimo inayumba, kichwa cha abiria kinatupwa huku na huku, na wengine wanatapika.

Tuangalie sasa gari tunazozijua. Watu wengi wanafikiri kila jeep nyeupe inayopita na bendera ya shirika ni gari ya anasa. Hapana. Nyingi ni Land Cruiser za aina ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984. Ni gari ya kazi. Nyuma inabebwa na vyuma bapa vigumu, vilivyowekwa ili ibebe mzigo mzito. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi. Ile ndefu tunayoiita Hardtop mara nyingi iko na mabenchi mawili nyuma, watu wanatazamana, kila mmoja ameketi ubavu kwa safari. Gari ikishika breki, mtu anaanguka juu ya jirani yake. Na gari hiyohiyo ndiyo ambulansi yetu kwenye maeneo mengi ya afya: mama mwenye uchungu amelala kwenye kitanda chembamba, na mlinzi wake wa mgonjwa kwenye benchi ya ubavu, mkono mmoja umeshika seramu na mwingine umeshika chuma asianguke.

Shofere wa mbele, kwenye gari hiyohiyo, yuko na kiti chake mwenyewe, anatazama mbele, mkanda umefungwa. Wakubwa nao wanaketi mbele. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayeketi mbele hajui barabara ya anayeketi nyuma, hata kama wote wawili wako ndani ya gari moja.

Sababu iko wazi. Sehemu inayotikisika kidogo zaidi katika gari ni katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukiketi juu ya gurudumu la nyuma ao nyuma yake, kila shimo linakurusha. Wataalamu wa afya ya kazi wamepima pia namna mwili unavyopokea mtikiso: mtu aliyeketi anaumia zaidi na mtikiso wa juu na chini unaokuja mara 4 mpaka 8 kwa sekunde, kwani hapo mgongo na tumbo vinaanza kucheza pamoja nao. Ndiyo maana mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria inayowalinda wafanyakazi, kama vile mashofere wa trakta na wa mashine za barabara. Mtikiso wa siku ukipita kiasi fulani, tajiri wa kazi analazimika kuupunguza, na kiti bora ni mojawapo ya njia za kufanya hivyo. Kule kwenye lami, mgongo wa mfanyakazi uko na sheria. Huku kwenye mashimo, mgongo wa mama anayepelekwa kuzaa hauna sheria yoyote.

Najua kuna mtu atauliza: watu wanauawa, watu wanalala njaa, na wewe unaongea juu ya viti? Nami ninamjibu hivi. Familia iliyohama inasafiri zaidi kuliko familia iliyobaki kwake. Inapanda Fuso juu ya magunia ya makala na mbao, inapanda pikipiki na watoto wawili katikati, inarudi kijijini kuangalia shamba, inakimbia tena. Mama aliyepasuliwa kwa kuzaa anarudi nyumbani kwa njia hiyo. Mzee mwenye mgongo mbovu anaenda kutafuta chakula cha msaada kwa njia hiyo. Mgonjwa anayeogopa maumivu ya barabara anangoja nyumbani mpaka hali yake inakuwa mbaya. Kwa watu hao, namna ya kuketi ni sehemu ya matunzo, sawa na dawa.

Wenye teksi nao wako na neno lao, na ni neno la kweli. Wanasema: tukibeba watu watatu nyuma na mmoja mbele, kama gari ilivyotengenezwa, hatupati kitu. Ndiyo sababu wanabananisha wanne nyuma na wawili mbele, na mara nyingine mmoja zaidi anagawana kiti na shofere. Lakini tuulize feza ya abiria wa nne inaenda wapi. Sehemu yake inabaki kwenye bariere. Kila kizuizi kinachodai malipo yasiyo ya sheria kinamsukuma shofere aongeze mtu mmoja tena. Anayelipisha bariere hiyo ndiye, kwa kweli, anayemketisha mama yetu kwenye breki ya mkono.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji ngozi ya Range Rover.

La kwanza, vyama vya wasafirishaji viweke idadi ya watu kwa kila gari na kuiandika mlangoni, abiria aweze kuidai. Mama mwenye mimba na mgonjwa wapewe kiti cha mbele peke yao, kwa bei ya kawaida.

La pili, mamlaka za mji na za teritware ziondoe bariere zisizo za sheria. Haiwezekani kumwambia shofere apunguze abiria huku tunamwongezea malipo.

La tatu, mashirika ya misaada na wakubwa wa maeneo ya afya wanaponunua ambulansi, waulize kwanza mgonjwa atalala namna gani na mlinzi wake ataketi wapi. Kiti kimoja kinachotazama mbele, chenye mkanda, kando ya kitanda, hakiwezi kushinda bei ya gari nzima. Tena, najua mashirika mengi yanakataza kubeba mtu asiye mfanyakazi, kwa ajili ya usalama na bima. Ninaelewa kanuni hiyo. Lakini jeep tatu zikirudi mjini toka kijiji kimoja na viti vitupu, huku mgonjwa anaondoka palepale kwa pikipiki, watu wanaona. Wakae na wakubwa wa afya, watafute namna ya kubeba wagonjwa walioandikiwa na kituo.

La nne ni barabara. Mwaka 2021 marais wa Kongo na wa Uganda walizindua pale mpakani, Kasindi, kazi ya kutengeneza kilometa 223: 80 za Kasindi mpaka Beni, 54 za Beni mpaka Butembo, na 89 za Bunagana mpaka Goma. Kila kilometa inayotengenezwa vizuri ni sawa na kubadilisha kiti cha kila gari inayopita hapo, ya tajiri na ya maskini, siku moja. Lakini wagonjwa wengi hawatoki kwenye barabara kubwa. Wanatoka kwenye njia ndogo za mashambani, na huko ndiko ningependa greda ifike pia.

Tukiwa tunangoja hayo, kuna kidogo ambacho kila mtu anaweza kufanya. Ukipanda Fuso, usikae nyuma kabisa. Kaa mbele, karibu na kabini, na umwachie mzee ao mama mwenye mimba nafasi hiyo kama ni moja tu. Godoro ambalo familia inalifunga juu ya mzigo lisionekane kama mzigo tu: liwekwe chini ya yule anayeumwa. Kunja kitenge, ukiweke nyuma ya kiuno. Ni kazi ileile inayofanywa na kile kituta cha kiunoni ambacho matajiri wanalipia kwenye jeep zao. Kwa safari ndefu, mwombe shofere asimame mara kwa mara, watu washuke na kunyosha miguu. Na ninyi motari, ndugu zangu, mama mwenye mimba asipandishwe na mtu mwingine nyuma yake, na mwendo uwe wa polepole hata kama mwingine anangoja.

Kwa vijana wa garaji, basi, jibu mmelipata: jeep inashinda. Inashinda kwa sababu waliyoitengeneza walijiuliza kwanza mtu ataketi namna gani, na barabara itamfanya nini. Swali hilo halilipiwi dola hata moja. Ningependa liulizwe pia na mwenye teksi, na mwenye Fuso, na yule anayetia sahihi karatasi ya kununua ambulansi ya kijiji.

Mwandishi wenu, Beni