Zawadi Iliyomo Ndani ya Bei

Wasomaji wetu wenye jamaa zao Marekani wamezoea kuletewa picha za watoto waliovaa kofia zenye masikio ya panya. Nyingi ya picha hizo hupigwa Walt Disney World, makao ya starehe yaliyofunguliwa Oktoba 1, 1971, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida. Ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 100, na ndani yake mna bustani nne kubwa za michezo na mahoteli zaidi ya 20.

Hatukusudii kuisimulia michezo hiyo. Tunataka kulitazama jambo moja ambalo wageni warudipo makwao hulisifu kuliko michezo yenyewe, nalo ni takrima ya ghafla. Mtoto huangusha aiskrimu yake, na kabla machozi hayajakauka huletewa nyingine bila ya malipo. Familia yenye sherehe ya kuzaliwa hukuta maputo na kadi chumbani. Mgeni aliyelipia chumba kinachoelekea maegesho ya magari huambiwa kuwa amehamishiwa kingine kinachoelekea ziwani. Hakuomba, wala hakuahidiwa.

Hapana shaka furaha hiyo ni ya kweli, na hatuna ugomvi nayo. Lakini si ya sadfa. Kampuni ya Disney humfundisha mfanyakazi kuitafuta nafasi ya kumshangaza mgeni, kama vile mvuvi anavyofundishwa kuutazama upepo. Kwa lugha ya huko mfanyakazi haitwi mfanyakazi, bali mwigizaji; mteja ni mgeni; na mahali pa kazi ni jukwaani. Kuanzia Oktoba 2006 hadi mwisho wa 2008 mpango huo ulifikishwa kileleni kwa jina la Mwaka wa Ndoto Milioni. Zawadi iliyotamaniwa mno ilikuwa kulala usiku mmoja katika kasri la Cinderella, ndani ya chumba ambacho hakikodishwi kwa fedha. Aliyepewa hakutazamwa shida yake wala wema wake. Mahali na saa vilichaguliwa kwa kura, na aliyekutwa hapo ndiye aliyebahatika.

Waliosoma chuoni wanaijua tofauti ya hiba na bei. Hiba hutolewa pasipo badali; mtoaji akishika mkono mwingine akingoja malipo, jambo hilo limekwisha toka katika mlango wa hiba na kuingia katika mlango wa biashara. Biashara ni halali, na hatuilaumu kwa kuwa biashara. Tunachokataa ni kuivika kanzu ya ukarimu. Maputo yale yamo katika hesabu za kampuni, kwa kuwa mgeni aliyeshangazwa hurudi, na akirudi huja na ndugu zake. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Orlando ameanza kulima tangu siku ile alipokata tikiti.

Yafaa basi kuuliza ni vitu gani mgeni huyo alikuwa akivipata bila ya kubahatika. Mwaka 1999 kampuni ilianzisha utaratibu wa FastPass, ambao kila mwenye tikiti aliweza kuutumia kukwepa foleni ndefu bila ya kuongeza hata senti. Ulisimama mwaka 2020. Oktoba 2021 ukaja badala yake utaratibu wa kulipia, dola 15 kwa kila mtu kwa siku. Oktoba 2024 ikaongezwa hati ya daraja la juu, ambayo bei yake katika siku zenye watu wengi ilifika dola 449 kwa mtu mmoja, mbali na tikiti ya kuingilia. Baba, mama na watoto wawili wangehitaji dola 1,796 ili wasisimame juani siku moja. Hata basi lililowachukua wageni wa mahoteli hayo kutoka uwanja wa ndege bila ya nauli tangu 2005 liliondolewa Januari 2022.

Hapo ndipo tunapoona kiini cha mambo. Kile kidogo kilichokuwa haki ya wote kimetiwa bei, na wasioimudu bei wameachiwa bahati. Mmoja akipewa aiskrimu, mia moja walio nyuma yake katika foleni humpigia makofi na kutumaini kuwa kesho itakuwa zamu yao. Foleni yenyewe hawaiulizi tena.

Na huyo atoaye je? Tabasamu haliko katika ghala la kampuni. Linatoka usoni mwa mtu aliyeamka alfajiri na mwenye kodi ya nyumba ya kulipa. Februari 2023 wafanyakazi wa Florida walipelekewa mkataba wa nyongeza ya dola moja kwa saa kila mwaka. Asilimia 96 ya waliopiga kura waliukataa. Mwezi uliofuata waliukubali mwingine, uliofikisha ujira wa chini dola 18 kwa saa kabla ya mwaka huo kwisha. Huko Anaheim, California, ambako Disneyland ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1955, wananchi walipitisha kwa kura zao mwaka 2018 sheria ya ujira wa chini kwa makampuni ya mapumziko yanayopata nafuu ya fedha kutoka manispaa. Kampuni ilishikilia kwamba haihusiki. Mahakama ya rufani ilisema inahusika, na Desemba 2024 ikakubali kulipa dola milioni 233 kwa wafanyakazi zaidi ya 50,000. Hilo nalo lilikuwa tukio lisilotarajiwa katika makao ya starehe, ila halikuletwa na kura ya bahati, bali na miaka mitano ya kesi.

Mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyoonekana. Lugha yetu imekwisha ajiriwa huko. Katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna mji wa kubuni ulioigwa Lamu, uitwao Harambe. Irabu moja imepotelea njiani. Hoteli ya jirani, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina jengo liitwalo Jambo House, na twiga huonekana kutoka barazani mwa vyumba vilivyolipiwa zaidi. Mojawapo ya migahawa yake ya gharama kubwa huitwa Jiko. Kwetu sisi jikoni ndipo mahali mgeni asipofikishwa, lakini tuliache hilo.

Linalotuhusu zaidi ni kwamba Disney inayo taasisi inayouza mafunzo ya kuhudumia wageni kwa makampuni mengine, na nchi yetu inajenga mahoteli kutoka Nungwi hadi Karatu. Mwenye hoteli atakayeyanunua mafunzo hayo atayapenda, kwani maputo ni rahisi kuliko mishahara. Tunaishauri CHODAWU, katika kila mkataba wa hiari utakaojadiliwa na wenye mahoteli, idai kwanza kiwango cha ujira, saa za kazi na usafiri wa usiku kwa watumishi wa zamu. Yakiisha kuandikwa hayo na kutiwa sahihi, mwenye hoteli na aingize maputo yake katika ukurasa unaofuata.